Nauli ya Kurudi

Bwana asifiwe, mama zangu na dada zangu. Na wenzetu wa upande wa pili wa ukumbi, asalaam aleikum. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, lakini mimi ni mwalimu, na dakika kumi za mwalimu mnazijua. Aliye na chai anywe, isipoe kwa sababu yangu. Mahamri nimeyakaanga na mama tangu alfajiri, kwa hivyo sitaki kuona sahani inarudi na kitu.

Habari yangu mnaijua nusu. Mnajua nilikwenda, na mnajua nilirudi. Yale ya katikati mmeyasikia huku na huku, kila mtu na yake. Leo nayasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu walionishonea leso.

Nilikuwa nafundisha darasa la nne, shule ya kibinafsi hapa hapa Likoni. Kwetu ni Bofu, na tangu utotoni nikisikia ndege ikishuka upande wa Changamwe nilikuwa naacha vyombo kwenye karai nitoke nje nitazame. Mama akiita, "Kadzo, hiyo ndege imekuja kukuoshea?" Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshapanda. Basi siku mwalimu mwenzangu aliponionyesha kwenye simu kwamba Vietnam wanatafuta walimu wa Kiingereza, sikulala vizuri wiki nzima. Mshahara ulikuwa mzuri, ndiyo, lakini nawaambia ukweli, hata ungekuwa nusu yake ningetaka kwenda. Nilitaka nione kama naweza kusimama mbele ya watoto wasionijua, wa nchi isiyonijua, na bado niwe mwalimu.

Nikanunua daftari la kurasa thelathini na mbili nikaanza bajeti. Msinione hivi, nilifanya kazi! Nilimtafuta kaka mmoja Mkenya aliyekuwa kule, nikamuuliza kila kitu. Akaniambia, dada, tiketi si kitu, tiketi ndiyo rahisi. Shida ni vyeti. Vyeti vya chuo vigongwe mihuri huku huku Kenya, mmoja baada ya mwingine, kabla hujaondoka. Kisha uwe na pesa ya chumba na ya chakula mpaka mshahara wa kwanza, kwa sababu huo haulipwi mwezi wa kwanza. Na ununue koti, kuna baridi. Mimi nikacheka, baridi gani, mtoto wa Bofu? Nikaandika sweta moja.

Mstari wa mwisho, wa kumi na moja, niliandika: nauli ya kurudi.

Sasa ikaitishwa kikao cha familia. Nilikuwa nimeweka akiba miaka mitatu, na ninyi hapa mkaniongezea zamu yangu ya mchango, Mungu awabariki. Kila kitu kilikuwa kimetosha, kwa kubana lakini kimetosha. Shangazi yangu mmoja akaomba aone daftari. Simtaji jina. Yupo hapa, amejificha nyuma ya nguzo, na mnaona anavyonikazia macho.

Akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka chini. Akasimama hapo.

"Hii nini?"

"Nauli ya kurudi, shangazi."

"Kurudi wapi?"

"Nyumbani. Mambo yakienda mrama."

"Heh! Jamani mmesikia? Mtoto hajatoka mlangoni, ashajitilia uchuro! Ni nani kwetu alisafirishwa kwa nauli ya kurudi? Kwani aenda mazikoni?"

Wote wakaguna. Uchuro, uchuro. Ninyi mnatujua. Mtu wetu akianza safari hatutaki hata apige chafya. Shangazi akachukua kalamu akaukata ule mstari, akaukata tena juu yake, mpaka karatasi ikatoboka. Mama alikuwa pembeni anakanda unga wa kesho. Aliniangalia, kisha akarudi kwenye unga wake.

Na pesa ya mstari uliokatwa ikaenda wapi? Ikaenda kwenye sherehe ya kuniaga. Mmoja alisema mtoto wa kwanza wa ukoo kwenda ng'ambo hawezi kutoka kimya kimya kama mwizi. Mwingine akasema hema. Mwingine akasema pilau pekee haitoshi, na mbuzi. Pesa ya nauli ikaisha, ikafuatwa na pesa ya mihuri ya vyeti, kwa sababu kuna mjomba alisema mihuri utagonga ukifika, kwani kule hakuna mihuri? Na ninyi, wanachama, mkatoa leso za sare, nyekundu na nyeupe, zimeandikwa MWANA WETU TUTOE KIMASOMASO. Nilizungushwa hemani na leso thelathini za namna moja, vigelegele mpaka Mtongwe.

Msidhani nililazimishwa. Nilifurahi! Nilikuwa na daftari mkononi na kaka wa watu alikuwa amenieleza waziwazi, lakini siku ile nilipozungukwa na zile leso nilisema moyoni, Mungu atajua mbele. Hilo kosa ni langu. Shangazi, toka nyuma ya nguzo, si lako peke yako.

Basi nikaenda.

Mama zangu, ile baridi. Mwezi wa kumi na mbili kule Hanoi, mvua nyembamba isiyoisha, na mimi na sweta yangu moja. Lakini sikufa na baridi. Kituo cha lugha kilichonichukua kilinipa madarasa ya majaribio, siku kumi na moja. Watoto wa miaka saba, minane. Siku ya kwanza walinishangaa nywele. Siku ya tatu mmoja akanishika mkono akaugeuza, akatazama kiganja, akacheka, nikacheka. Siku ya tano niliwafundisha ule wimbo wetu wa kuhesabu na kupiga makofi, kwa Kiingereza, na wakaushika siku hiyo hiyo. Nilikuwa natembea kurudi chumbani na mvua ile na nalia kwa furaha, wallahi. Nilikuwa mwalimu kweli, kule mbali, kwa watu wasionijua.

Siku ya kumi na mbili mkuu wa kituo akaniita. Alikuwa mama mpole. Akaniuliza vyeti vilivyogongwa viko wapi. Nikampa vyeti vyangu. Akavigeuza nyuma na mbele, akatikisa kichwa. Bila mihuri ya Kenya hakuna kibali cha kazi, na bila kibali hawezi kuniweka darasani hata siku moja zaidi. Akanilipa zile siku, akaniambia vigonge, rudi, nafasi yako nitaishikilia kidogo.

Vigonge! Niko Hanoi, vyeti viko Hanoi, mihuri iko Nairobi. Kuvituma, kumtafuta mtu wa kuzunguka ofisi kwa ofisi, kuvirudisha, na huku nalipa chumba na visa yangu ni ya miezi mitatu tu. Nilikaa na daftari nikapiga hesabu kila upande. Ilikuwa ndogo kila upande. Pesa iliyokosekana ilikuwa ile ile ya hema na mbuzi. Nilijua hata mbuzi yupi.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nilikuwa nakula mchele na chumvi. Walimu wenzangu wa Kiafrika, Mkameruni mmoja na wawili wa Afrika Kusini, walichanga wakaninunulia tiketi. Fikirini. Watu nisiowajua ndio walioniandikia ule mstari uliokatwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanguka. Kule niliteleza tu. Kuanguka nilianguka nikiwa nyumbani.

Nilishuka Changamwe mchana, jua la mwezi wa pili, na begi langu moja. Hewa ile ilinigusa uso nikataka kupiga magoti. Dereva wa teksi akaja, akachukua begi, akauliza, "Likoni, mwalimu?" Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu, labda walimu tunatembea vibaya. Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Nikaziona zile leso thelathini. Nikasema, "Kisauni."

Neno hilo likaniweka Junda, huko huko Kisauni, miezi mitatu.

Nilikwenda kwa dada mmoja tuliyesoma naye chuo, mtu wa bara, ana saluni kule. Akanipokea bila swali. Na mimi nikaendelea kuwa Vietnam. Mama alikuwa akinipigia video kila Jumapili saa kumi jioni, na kule saa hiyo ni saa mbili usiku. Basi nafunga dirisha, nateremsha pazia, nawasha taa. Kisha navaa ile sweta. Sweta, jamani, Junda, mwezi wa pili! Jasho linanitiririka mpaka kidevuni, na mama ananiuliza, "Huko kuna baridi, mwanangu?"

"Sana, mama."

"Mbona watoka jasho?"

"Ni hita, mama. Wameweka hita."

"Haya. Usiikaribie sana."

Chekeni, chekeni tu. Mwenzangu wa saluni alikuwa akikaa kitandani anafunga mdomo kwa mto asicheke. Simu ikikatika ananiambia, "Wewe, si uende tu nyumbani? Hii sweta itakuua." Namwambia wiki ijayo. Namwambia nikipata kazi kwanza. Namwambia nikiwa na kitu mkononi.

Na hamu ile siwezi kuieleza vizuri. Nilipokuwa Hanoi nilitamani nyumbani, lakini nyumbani kulikuwa mbali na hakuna la kufanya. Nikiwa Junda kulikuwa karibu. Nilikuwa nikiamka alfajiri najua saa hii mama anatia mahamri ya kwanza kwenye mafuta. Najua iliki inanukia mpaka kwa jirani. Nilikuwa natamani hata kelele zake. Mvua ikinyesha Junda nilijua imenyesha Bofu, na bati letu la upande wa jiko linavuja, na nani ameweka sufuria? Machozi ya Junda yalizidi ya Hanoi.

Siku moja nikasema liwalo na liwe. Nikaazima buibui kwa jirani. Dada zangu Waislamu mnisamehe, nilikuwa najificha, na halikunikaa hata kidogo. Nikafika feri upande wa kisiwani, nikateremka na umati mpaka karibu na maji. Ng'ambo naiona. Naona watu wanavyopanda ile barabara kuelekea kwetu. Mbele yangu kuna mama amejitanda leso nyekundu na nyeupe. Mgongoni imeandikwa MWANA WETU TUTOE KIMASOMASO. Mmoja wenu. Sijui alikuwa nani, sikungoja ageuke. Nilirudi nyuma nikiwapiga watu vikumbo, na feri ikaondoka bila mimi.

Wiki ile sikuwa mtu. Nilijiona nimekufa na nimezikwa Junda.

Ikaingia masika. Jumapili moja, saa kumi, sweta mwilini, taa imewashwa, mama kwenye simu ananieleza habari za jirani aliyejifungua. Anga nje imekuwa nyeusi. Namjibu, namjibu, mara radi ikapiga. Si radi ndogo. Ilitikisa dirisha la Junda, na papo hapo nikaisikia tena ndani ya simu, na mama akashtuka kwenye kioo kama nilivyoshtuka mimi.

Mvua ikaanza kwangu. Nikaisikia inaanza kwake, juu ya lile bati.

"Kadzo."

"Abee, mama."

"Hii radi nimeisikia mara mbili."

Nilikuwa nimeshika ukosi wa sweta tu.

"Feri ni ya bure, mwanangu," mama akasema. "Haiulizi pasipoti."

Akakata simu.

Ndugu zangu, nilikuwa nimepiga bajeti ya nchi mbili. Nilikuwa najua bei ya visa, ya chumba, ya kutuma karatasi baharini na angani. Na safari niliyoiogopa kuliko zote ilikuwa ya bure. Nilivua ile sweta nikaiacha pale kitandani. Kesho yake asubuhi nikavuka, uso wazi, begi kichwani, katikati ya watu wa sokoni na wanafunzi. Nikasalimiwa na watu watatu kabla sijafika juu. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema, "Ah, mwalimu, umekonda, mama yako atalia," akaendelea na safari yake.

Mama hakulia. Alikuwa jikoni. Nikasema, "Shikamoo, mama," akasema, "Marahaba, umekula?" Akanisogezea kigoda na sahani ya mbaazi. Nilikula nalia, mbaazi zikazidi chumvi. Nilipomaliza nikamuuliza alijua lini.

"Tangu Jumapili ya kwanza ya sweta. Mimi sijui Vietnam, lakini jasho la Mombasa nalijua."

"Na miezi yote hii ukaniuliza kama kuna baridi?"

"Ningekuuliza nini? Mtu mzima haburutwi arudi kwao. Nilikuwa nangoja uchoke." Kisha akasema, kwa sauti ndogo, akiwa amenipa mgongo, "Ule mstari ningemzuia shangazi yako asiukate. Niliona. Nikaogopa nami nitaonekana natia uchuro. Miezi mitatu sijapata usingizi kwa ajili ya mstari ule."

Basi mimi ndiye niliyedhani namficha mama aibu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinisitiri mimi.

Mkutano uliofuata nikaja hapa. Mwenyekiti alinitazama toka juu hadi chini akasema, "Kumbe umerudi, na hukutwambia tukupikie uji? Keti huko, na mchango wa miezi yote hiyo unadaiwa." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikajua nimesamehewa. Sijawahi kufurahia deni namna hiyo.

Nikarudi kufundisha, safari hii shule moja ya Changamwe. Nikaanza upya kidogo kidogo. Vyeti kwanza: nimevigongesha mihuri yote, hivi hapa, vitazameni, vimejaa mihuri mpaka maandishi hayaonekani! Yule mama mpole wa Hanoi nilimwandikia nikamwambia ukweli wote. Alijibu kwamba watoto wale bado wanaimba ule wimbo na kupiga makofi. Nilisoma barua ile nikiwa nangoja tuktuk, nikaacha tuktuk mbili zipite. Sitawadanganya, mama zangu. Baada ya yote hayo, hamu ya lile darasa haikuniacha hata siku moja. Nikiwa kule nililia kwa ajili ya huku, na nikiwa huku kuna mkono mdogo unaonigeuza kiganja. Nadhani nitaishi hivyo, nusu yangu ng'ambo ya maji, upande wowote nitakaokuwa.

Naondoka Jumatatu ya wiki ijayo. Mkataba ninao, chumba kimelipwa miezi miwili, koti limenunuliwa, koti kweli, si sweta. Hakuna hema. Hakuna mbuzi. Hiyo chai mnayokunywa ndiyo sherehe yangu.

Namshukuru dada wa saluni, aliyenilisha miezi mitatu na kunificha bila kunisema. Nawashukuru wale watatu wa Hanoi, Mungu anawajua majina. Nawashukuru ninyi. Leso zenu bado nazipenda, ila ndugu zangu, nawaambia, msimwandikie mtu mgongoni kitu ambacho akishindwa hawezi kupita mbele yenu. Na wewe unayepanga kwenda, Qatar, Saudia, hata Nairobi, piga hesabu mpaka mshahara wa kwanza, na utenge ya kurudi. Si uchuro. Uchuro ni kukaa Junda.

Shangazi alikuja juzi nyumbani, akatoa kitu kwenye pindo la leso akamkabidhi mama, akasema, "Hii ni ya ule mstari wangu." Pesa zote za mstari huo sasa ziko hapa kwenye chama, kwa jina la mama. Mimi siwezi kuzigusa, na shangazi pia hawezi, nimehakikisha.

Na la mwisho, nikae. Nimenunua daftari jipya. Mama yangu aliacha shule darasa la tatu, kalamu na yeye si marafiki. Lakini alisema mstari wa kwanza ni wake, nisiandike chochote mpaka ameuandika. Alikaa nao muda mrefu, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Nilidhani ataandika nauli, au tiketi, au kiasi cha pesa.

Ameandika: Kadzo arudi.